Mwalimu wa Nje ya Pazia

Piano ya marehemu Bwana Ridha ilishushwa bandarini Wesha zamani hizo na wachukuzi wa karafuu, mapande ya watu, na kamba ilipowaponyoka piano ikapiga gati kwa kishindo. Mlio ilioutoa, wazee wanaapa, uliwahamisha samaki wiki nzima na kuwafanya majogoo wa Madungu wawike mchana kweupe. Wapo wasemao huo ni uongo. Hao hawakuwapo.

Bwana Ridha alipofariki, bintiye Bi Ummi aliifanya piano kabati. Juu alipanga mabakuli ya kichina. Ndani akamwaga karafuu kavu, nondo wasije wakala vitambaa vyake. Ndiyo maana Yussuf, mwalimu wa muziki, alipoitwa kuja kuitengeneza alichota humo karafuu tele, na hata baada ya kuzitoa zote, kila jino la piano lilipobonyezwa, harufu ya karafuu ilitoka kwanza, sauti ikafuata nyuma.

Aliyetaka kujifunza alikuwa Radhiya, mwalimu wa skuli ya watoto wadogo, mtoto wa kaka yake Bi Ummi. Mama yake alifariki naye hajapewa hata jina, baba akafuata baadaye, na shangazi ndiye aliyemlea. Bi Ummi hakuwa na neno juu ya piano. Neno lake lilikuwa moja tu.

"Kinanda sawa, na mwalimu sawa. Lakini mwanamme asiyekuhusu haingii kwangu. Kukitengeneza aliingia, weye ukiwa skuli. Kukufundisha, akufundishe kutoka barazani."

"Shangazi! Piano inafundishwa kutoka barazani?"

"Adhana yasikika kutoka wapi? Mnarani. Nawe wasali chumbani kwako."

Basi ikawa hivyo. Kila baada ya sala ya alasiri Yussuf alikuja, akavua kofia, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena, akaketi barazani chini ya dirisha. Pazia la maua ya buluu likateremshwa. Radhiya alikaa ndani mbele ya piano, na Bi Ummi akakaa mlangoni akisuka ukili wa mkeka, jicho moja ndani na jingine nje.

"Tafuta meno mawili meusi yaliyokaa pamoja," sauti ya Yussuf ilisema siku ya mwanzo. Ilikuwa sauti ya chini, isiyo na haraka. "Umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Jeupe lililo kushoto kwao ndiyo do. Lile la katikati ya piano, mbele ya kifua chako. Weka kidole gumba cha mkono wa kulia."

Radhiya akabonyeza.

"Siyo. Hiyo ni fa. Umeshika kwenye yale meusi matatu."

Radhiya akalitazama pazia kwa mshangao. "Kwani waniona?"

"Sikuoni. Nakusikia."

"Hata huko kumsikia," Bi Ummi alidakia bila ya kuinua macho kwenye ukili wake, "msikie kwa kiasi."

Siku zikapita. Radhiya akajifunza kukunja vidole kama aliyeshika chungwa, kuhesabu kwa sauti, kupanda ngazi ya do re mi na kushuka bila ya kujikwaa. Ila mkono wa kushoto ulikuwa hausikiki kabisa.

"Bi Radhiya, mkono wa kushoto uko wapi?"

"Nimeupakata."

"Umeupakata? Unaumwa?"

"Hauumwi." Radhiya akainamisha kichwa. "Shangazi kakaa mbele yangu. Tangu mtoto nimefunzwa mtu mzima hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Sasa sauti nimpe vipi?"

Nje kikasikika kicheko, kicheko cha mtu aliyejaribu kukimeza kikamshinda. Radhiya hakupata kukisikia kabla ya siku ile. Kilimwingia mwilini kama chai ya tangawizi, kikashuka polepole, kikakaa.

"Bi Ummi," Yussuf alisema alipopata pumzi, "nakuomba radhi kwa niaba ya mkono wa kushoto."

"Nimeusamehe," Bi Ummi akajibu, naye alikuwa akiuma mdomo. "Na upige. Lakini usinishikie kikombe."

Penzi lao liliota hivyo, msomaji, bila ya jicho kukutana na jicho. Njiani Yussuf alimwona Radhiya ndani ya buibui, kama alivyoonwa na kila mpita njia, naye akipita macho chini. Radhiya, kila upepo ulipolisogeza pazia, alipata kumwona Yussuf sikio moja. Sikio la kushoto tu, limeegemezwa dirishani, na ukingo wa kofia juu yake. Alilijua sikio lile kuliko wake wanavyowajua waume zao. Alijua linavyosimama anapopatia na linavyoinama anapokosea. Usiku alilala akaliota.

Siku aliyoupiga wimbo wake wa kwanza tangu mwanzo hadi mwisho, mikono yote miwili, pasi kosa, alingoja kusifiwa. Hakusifiwa.

"Mwalimu, umelala?"

"Sijalala."

"Nimekosea?"

"Hukukosea," Yussuf alisema. "Nilikuwa namwomba Mungu ukosee, nipate sababu ya kusema nawe."

Ukili ukamponyoka Bi Ummi mikononi.

Vita vilivyofuata vilikuwa virefu. Bi Ummi alisema hawa si kufu. Mjukuu wa Bwana Ridha, mwenye nasaba inayohesabika hadi Oman, aende kwao Yussuf, Makangale, kwa watu wa msitu wa Ngezi? Radhiya akagoma kula. Bi Ummi naye akagoma, akashindwa yeye kwanza, kwa sababu siku ile kulipikwa pweza wa nazi. Mwisho alimpigia simu Marhoun, kaka mkubwa wa Radhiya aliye Maskati, ambaye ndiye walii wake wa kumwozesha. Alimlilia mpaka kijana wa watu akasema, "Basi shangazi, ukinyamaza nakubali." Yussuf akaambiwa alete wazee wake, waanze wanawake kama ilivyo ada.

Wakaja siku ya Ijumaa, jua limelegea. Mbele Bi Kazija, mama yake Yussuf, mwanamke mrefu mkimya kutoka Makangale. Nyuma yake mdogo wake, Bi Mize wa Gombani, ambaye maneno yake yalifika mlangoni kabla ya yeye mwenyewe.

"Hodi! Hodi wenye nyumba na vilivyomo! Tumekuja, na tumesikia humu mna ua, na siye tuna chombo cha kulitilia maji!"

"Karibuni. Ua lipo, lakini lina miba," Bi Ummi akajibu.

"Miba tumeizoea, Bi mkubwa, siye ni watu wa shamba!"

Wakacheka, wakakumbatiana, wakaketi mkekani. Yussuf, aliyewaleta, alibaki mahali pake barazani chini ya dirisha. Radhiya alikuwa chumba cha pili, nyuma ya mlango, ametiwa udi na amevishwa nguo mpya, sikio ubaoni. Kila kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimeketi mkekani kinakunywa kahawa.

"Mwanangu Yussuf hana mali," Bi Kazija alisema. "Ana kazi yake na adabu yake. Chuo cha muziki Unguja kasoma kwa jasho langu."

"Adabu yake naijua," Bi Ummi alisema. "Kakaa barazani kwangu masika mazima, na pazia hajaligusa."

"Na bibi harusi, mama yake ndo nani?"

"Moza, Mungu amrehemu. Mke wa kaka yangu. Kafa hapa hapa Chake, hospitali, kwa homa ya uzazi. Mwaka ule wa karafuu nyingi, watu walipoanika mpaka barabarani, gari zikakosa pa kupita."

"Naukumbuka," Bi Kazija alisema taratibu. "Mwaka ule na miye n'lizaa hospitali hiyo. Wangu hakuishi."

"Pole, mwenzangu. Basi huyu wetu alibaki mchanga, hana jina, hana ziwa. Maziwa ya kopo anatapika. Siku ya tatu tukaambiwa huyu naye anakwenda. Hata Mungu akatuletea mwanamke mmoja, miaka imepita hata sura imenitoka, n'kimpeleka kwake kila siku, asubuhi na jioni, huko Gombani, nyuma ya kiwanja cha mpira."

"Gombani nyuma ya kiwanja?" Bi Mize aliruka pale alipoketi. "Nyumba yenye mti wa mshokishoki mbele?"

"Ndiyo hiyo. Mshokishoki, na kisima cha..."

"Ndo kwangu! Dada, wasikia? Ndo kwangu!" Bi Mize alipiga makofi. "Kumbe ni weye! Weye ndo yule shangazi wa kitoto, mwembamba kama ufito, unakuja na mwavuli mweusi! Mbona umenenepa hivyo, mwanamke, ukanipotea? Dada kakaa kwangu mpaka kapata nguvu, na kitoto kikaletwa, kakinyonyesha mpaka kikawa na mashavu kama maandazi! Allahu Akbar! Kumbe hawa ni watu wetu tangu zamani! Kumbe huyu mtoto ni wetu!"

Akamrukia Bi Ummi shingoni, akambusu huku na huku. Akapiga kigelegele. Kigelegele kikafika katikati, kikakatika.

Hakuna mwingine aliyekuwa akicheka.

Bi Kazija aliweka kikombe chini, polepole, kama kilichojaa hadi ukingoni. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kifua.

"Mize," alisema. "Nyamaza, mdogo wangu."

"Kwani n'nasema ni..." Bi Mize akatazama uso wa dada yake, akatazama wa Bi Ummi. Furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo. "Ya Rabi," alinong'ona. "Ya Rabi, n'mesema nini?"

Mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa. Radhiya alisimama pale na udi wake na nguo zake mpya.

"Uongo," alisema.

"Radhiya, mwanangu, rudi ndani."

"Sirudi. Umelitunga hilo, shangazi. Hukumtaka tangu mwanzo. Kufu imeshindwa, sasa umetafuta ziwa!"

"Ningelitunga miye, ningelitunga mapema!" Bi Ummi alipasua sauti, machozi yakimtiririka. "Ningelitunga kabla sijamlilia kaka yako simuni! Wafikiri nafurahi? N'tazame, mtoto weye. Hivi ndo mtu anavyofurahi?"

Radhiya akamgeukia Bi Kazija. Alipiga magoti mbele yake. Mtu mwingine yeyote angemwona mkwe anayemwamkia mama mkwe.

"Bi Kazija. Sema si wewe."

Bi Kazija alimtazama. Alinyoosha mkono akamshika shavu, na kidole gumba kikampita chini ya jicho, kwa mazoea, kama kilichokwisha kupita hapo mara nyingi.

"Ni miye, mwanangu."

"Basi sema ilikuwa mara moja. Mara moja haifungi udugu, nimesoma. Sema ulininyonyesha mara moja tu, basi."

"Mwezi mzima na zaidi."

"Nani ajuaye?" Bi Mize alidakia, sauti imemkauka. "Tumo humu ndani siye tu. Mdomo wangu huu ndo uliovunja, na mdomo huu n'taufunga, wallahi, n'taushona kwa uzi. Dada, tuseme hatukukutana. Tuseme mwanamke yule kahamia Mombasa."

Wote, hata Bi Ummi, wakamgeukia Bi Kazija. Mwanamke yule alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki duniani, na mtoto huyo alikuwa nje, chini ya dirisha, na furaha yake yote ilikuwa mdomoni mwa mama yake.

"N'limzika wangu asubuhi," Bi Kazija alisema mwisho. "Maziwa hayakujua kama keshakufa. Yakanijaa, yakaniuma, n'kalia kwa uchungu hata Mize akataka kunirudisha hospitali. Jioni ukaletwa weye. Ukashika ziwa, na uchungu ukashuka. N'likuwa nakuita mwanangu. Hukuwa na jina jengine." Akavuta pumzi. "Mwanangu siwezi kumwozesha mwanangu. Nikifunga mdomo huu leo, kila mjukuu mtakayeniletea n'tamtazama, n'jue."

Radhiya alilaza kichwa kwenye mapaja ya mwanamke yule akalia kwa sauti, kilio cha mtoto mchanga asiye na jina, na Bi Kazija akampapasa mgongo. Na nani mwingine wa kumliwaza, kama si mama yake?

Kutoka nje ya pazia ikaja sauti. Ya chini. Isiyo na haraka.

"Mama," Yussuf alisema. "Twende."

Bi Ummi alikwenda kwa Shehe Hafidh, akarudi na jawabu walilokwisha kulijua wote. Ziwa ni kama damu. Marhoun alipiga simu kutoka Maskati, akazungumza peke yake muda mrefu, Radhiya kaishika simu sikioni. Barazani hapakukaa mtu. Piano ilifunikwa, na mabakuli ya kichina yakaanza kurudi juu yake, moja moja.

Hapo ndipo Bi Ummi, aliyekuwa hajui tena la kumfanyia mtoto huyu asiyekula, alipopata wazo. Alilipata kwa mapenzi. Alivaa buibui, akaenda mwenyewe hadi skuli anakofundisha Yussuf, akamngoja mlangoni.

"Njoo umfundishe," alimwambia. "Anakwisha, Yussuf. Weye ni nduguye sasa. Pazia halina kazi tena. Njoo uingie ndani."

Yussuf akaja baada ya sala ya alasiri. Radhiya alisikia kofia ikikung'utwa vumbi. Alisubiri kusikia mtu akiketi chini ya dirisha, hakusikia. Alichosikia ni viatu vikivuliwa mlangoni.

Aliingia akasimama pale kwenye kapeti, mikono hajui aiweke wapi. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alikuwa na kovu dogo kidevuni ambalo mke angeliuliza, na macho yaliyochoka, na sikio la pili, la kulia, ambalo Radhiya hakulijua hata kidogo.

"Asalaam aleikum," alisema.

"Waaleikum salaam."

"Bi Ummi kasema nije."

"Najua." Radhiya alikuwa amejifunga mtandio wake kichwani, umebana hadi nyusini, mkononi ameukamata usilegee. Alikuwa hajapata kuufunga hivyo hata njiani. "Rudi nje, Yussuf. Kaa pale pale ulipokuwa ukikaa. N'takuteremshia pazia, unifundishe kama zamani."

"Siwezi."

"Kwa nini? Pale nje ulikuwa wangu."

Yussuf alitazama pazia la maua ya buluu. Upepo ulikuwa unalisogeza kidogo.

"Pale nje nilikuwa nangoja kuingia," alisema. "Nilikuwa tayari kungoja mpaka nizeeke. Sasa nimeingia. Nikirudi pale, nitakuwa nangoja nini?"

Mlangoni, Bi Ummi alikuwa amejifunika uso kwa ukili wake.

"Basi utaondoka," Radhiya alisema.

"Ukiniambia niondoke nitaondoka. Ukiniambia nikae, nitakaa. Lakini nitakaa kwa jina lile nililopewa. Jingine sina."

Nje mtu alipita na baiskeli akipiga kengele. Radhiya aliusikia mlio ukienda, ukififia, ukiisha barabarani. Alifikiria mwaka ujao na miaka ya baada yake. Alifikiria nyumba ambamo sauti hii haitasikika tena hata mara moja. Kisha akaachia mkono.

Aliufungua mtandio taratibu, duru moja, duru ya pili, kama afanyavyo kila mwanamke akirudi nyumbani kwao, mbele ya baba yake, mbele ya kaka zake. Akauteremsha mabegani. Nywele zilikuwa nyeusi, ndefu, zimesukwa mikia miwili. Alikuwa amezitia mafuta ya nazi na asumini kwa ajili ya siku ile ya posa, na tangu siku ile hakuzifumua.

Yussuf aliinamisha uso haraka, akatazama kapeti.

"Nitazame," Radhiya alisema. "Imekuwa halali. Nitazame, kaka."

Yussuf hakuinua uso.